Majina Kumi ya Katikati

Namalwa alikuwa na tabia moja mbaya, na tuiseme mapema tumalizane nayo. Akisikia mzee fulani ameugua, swali lake la kwanza halikuwa anaumwa nini. Alikuwa anauliza, "Ana miaka mingapi huyo?" Watu wa Butali walishamzoea. Wengine walicheka, wengine walisonya, na mama mmoja muuza omena alimwambia mbele ya soko zima, "Wewe na fundi wa majeneza mna biashara moja." Namalwa alicheka pamoja nao, akachukua mfuko wake wa nyanya akaenda. Lakini njiani alilia, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa la kweli.

Si kwamba alizaliwa hivyo. Alikuwa amepiga taipu Kakamega mjini miaka ishirini na sita, ofisi moja, kiti kimoja, akiandika barua za watu wengine kuhusu mashamba ya watu wengine. Siku moja alikuja mzee mwenye kesi ya mpaka. Karani akamuuliza majina ya baba zake, mzee akaanza kuyataja, akafika la sita, la saba, la nane, na karani akamkata: "Matatu yanatosha, mzee." Namalwa aliacha kupiga taipu. Alitaka kumfuata yule mzee nje amuulize yaliyobaki, lakini bosi alikuwa anangoja barua. Alipotoka saa ya chakula mzee hakuwapo tena, na hakumwona maisha yake yote.

Mumewe alipokufa, Namalwa akastaafu mapema akarudi Butali kwa baba yake, Mzee Wanjala. Hapo ndipo yeye na Sellah, mkunga mstaafu mwenye mdomo usio na breki, walipoanzisha kikundi cha urithi. Walikuwa kumi na mmoja. Walikodi chumba nyuma ya posho mill, wakakijaza vyungu, majembe ya zamani, mirija ya pombe, na picha za watu ambao hakuna aliyejua tena ni akina nani. Kila Jumamosi ya kwanza walifyeka njia ya chemchemi ya zamani, kisha wakaketi na wazee kuwarekodi: nyimbo za jando, namna ya kuchuja chumvi ya majani, nani aligombana na nani juu ya ng'ombe gani. Miaka ikapita. Wengine walikufa, wengine walichoka, mmoja aligombea udiwani na hakuonekana tena. Wakabaki wanne, na kwa kweli walikuwa wawili, maana wale wengine walikuja kunywa chai tu.

Na kitu kimoja kilichowashinda ni kile kile Namalwa alichokitaka kuliko vyote.

Kwa watu wao, mzee wa heshima akizikwa, siku ya tatu mfariji husimama mbele ya umati. Wanaume hukaa upande huu, wanawake upande ule, katikati anaachiwa njia. Huvaa ngozi ya mbega mabegani, hushika fimbo, hutembea huku na huku akisema ukoo ulikotoka, ulikopita, nani haoi wapi. Mwisho kabisa hutaja majina, baba kwa baba, kutoka yule wa kwanza hadi huyu aliyelala kaburini, na kila jina huligongea fimbo chini. Maneno hayo huitwa kumuse. Yakianza, hakuna kusimama, hakuna kuvuka, hata ukibanwa na haja utajijua. Mtu akivuka, mfariji hushusha fimbo, anakwenda zake, na kwa marehemu yule habari imeisha. Tena hayasemwi bila maiti. Ukiyasema bure umekiita kifo, na kifo hakiitwi kikarudi mikono mitupu.

Mfariji aliyebaki ukoo mzima alikuwa mmoja, Mzee Mukhwana. Mwanawe Chrispinus, aliyekuwa amerithishwa maneno hayo, alikufa kwa ajali ya trekta la miwa. Wa pili alikuwa mchungaji wa kanisa, na mambo ya ngozi ya mbega hakutaka hata kuyasikia. Mukhwana mwenyewe hakuwahi kukanyaga shule. Majina yote ishirini na mawili yalikaa kichwani mwake, na njia yake ya kutoka ilikuwa moja tu, koo. Sasa koo ndilo lililoota uvimbe.

Namalwa alimwendea siku aliyosikia habari hiyo, kinasa sauti mfukoni.

"Mzee, nakuomba mara moja tu. Tukae hapa hapa uani, mimi na wewe."

"Nani amekufa?" Sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza.

"Hakuna, mzee."

"Basi unataka nimuue nani?"

Mukhwana akamwonyesha karatasi ya hospitali ya Kakamega, ingawa hakuweza kuisoma. Alijua kilichoandikwa. Tarehe kumi na nane mwezi unaofuata wangemtoa kisanduku cha sauti chote, na kuanzia hapo angekuwa anapumulia tundu la shingoni. "Mimi sikunyimi, binti yangu," alisema. "Niletee maiti wa mzee kabla ya siku hiyo, nitasema mpaka mchoke."

Zilibaki wiki tatu na siku mbili.

Hebu fikiria mtu mzima, mwanamke wa kanisa, anaamka asubuhi na kupitisha wazee wa kata nzima kichwani kama anayechagua mahindi ya mbegu. Huyu bado ana nguvu. Yule ni wa ukoo mwingine. Huyu aliwahi kufukuzwa kwa uchawi, hatasemewa. Namalwa alijichukia, lakini hakuacha. Kila alipohesabu, hesabu iliishia nyumbani kwake mwenyewe, kwenye kiti cha kamba pale barazani, ambapo Mzee Wanjala mwenye miaka themanini na minane alikuwa anavuta pumzi kwa kupiga mluzi.

Mzee alikuwa na pumu ya siku nyingi. Alasiri moja ikambana vibaya. Namalwa alikimbia ndani, akachukua kipampu chake cha dawa, akatoka nacho, akasimama mlangoni. Na akabaki amesimama. Labda ni pumzi mbili, labda tatu. Kisha akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji, akampa.

Mzee alivuta, akatulia, akamtazama. Siku zote alimwita Mama, kwa kuwa alibeba jina la mama yake mzazi.

"Mama, ulikuwa unafikiria nini pale mlangoni?"

Namalwa akaanguka magotini. Hakuficha kitu. Alisema tarehe kumi na nane, akasema koo la Mukhwana, akasema kwamba amekuwa akimngoja baba yake afe, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Mzee Wanjala alimsikiliza, halafu, haki ya Mungu, akacheka. Alicheka akakohoa, akakohoa akacheka.

"Kumbe mimi ni mahindi, unangoja nikauke uvune!"

"Baba, nisamehe."

"Nyamaza. Maiti yuko hapa nyumbani, tena yuko siku nyingi. Hujamwona tu."

Alikuwa anamzungumzia baba yake mzazi. Mwaka wa arobaini na mbili alichukuliwa kwenda vita vya Wazungu huko Bama, yaani Burma, Wanjala akiwa mtoto wa miaka saba, na hakurudi yeye wala barua. Mkewe alikataa katakata kusikia kwamba amekufa. Alimwekea sahani ya ugali mpaka siku alipoingia kaburini yeye mwenyewe. Kwa hiyo mtu hakuzikwa, hakuliliwa, hakutajwa. Wanjala alikuwa amemngoja baba yake miaka themanini na moja, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba bado, mbwa akibweka jioni, yeye hutazama njiani.

"Asiyekuwa na mwili huzikiwa mgomba," alisema. "Mzikeni baba yangu. Mukhwana amsemee, amtaje kwa jina, afike kwa baba zake. Wewe utapata maneno yako, na mimi nitaacha kutazama njia."

Mukhwana alipopelekewa habari aliona kasoro moja. "Alikwenda akiwa kijana," alisema. "Kumuse si ya vijana."

"Ana vitukuu kumi na saba," Sellah akadakia, mikono kiunoni. "Kwani kijana anakuwanga na vitukuu?"

Mukhwana akatabasamu. "Basi ni mzee," akasema, na ikapita.

Tarehe kumi na moja wakakata mgomba, wakaufunga kwa blanketi, wakauzika kando ya kaburi la mama yake Mzee Wanjala. Mzee Wanjala alitupa udongo kwa mkono wake. Tarehe kumi na nne, siku ya tatu, uani palijaa watu.

Namalwa alikuwa ameamka na mambo mia. Betri mpya. Kinasa sauti kimoja, na simu kama akiba. Viti vya kukodi. Akamvua baba yake koti la kila siku, akamvika lile refu jeusi la sikukuu, na kipampu alichokikuta kwenye mfuko wa koti la zamani akakitia kikapuni mwake, pamoja na betri, kisipotee. Akajiambia atampa kabla ya kuanza. Halafu mtu akamwita kuhusu sufuria za chai, na mwingine akauliza maspika yawekwe wapi. Jamani, hivi ndivyo balaa huingia, kwa mlango wa jikoni.

Mukhwana alipopiga fimbo ya kwanza, Namalwa alikuwa upande wa wanawake na kikapu chake. Baba yake alikuwa mbele kabisa upande wa wanaume. Katikati palikuwa na njia ya mfariji, hatua kumi na tano hivi.

Ile sauti iliyokwaruza ilipata nguvu kutoka sijui wapi. Alisema walikotoka, akasema mlima waliokaa na mto uliowagawa, akasema njaa ya nzige na vita vya usiku mmoja. Wazee walitikisa vichwa. Sellah, ambaye hajawahi kufunga mdomo tangu ubatizo, aliufunga. Namalwa alitazama taa nyekundu ya kinasa sauti ikiwaka. Dakika ya thelathini na tano majina yakaanza. La kwanza, fimbo. La pili, fimbo.

Shamba la miwa la jirani lilikuwa linachomwa siku hiyo. Upepo ukageuka, na moshi ukaja uani.

Namalwa aliusikia mluzi kabla hajaona kitu. Aliujua mluzi ule kuliko wimbo wowote. Akamtazama baba yake: mabega yamepanda, mdomo wazi, mkono unapapasa mfuko wa koti jeusi, unatoka mtupu, unaingia mfuko wa pili, unatoka mtupu. Hapo akakumbuka kikapu.

La tano. La sita. Mukhwana alikuwa amewapa mgongo. Kurusha kile kitu ni kuvuka. Kuita ni kukata maneno. Wanaume waliokaa karibu na mzee walimtazama, wakatazamana, hakuna aliyejua afanye nini, na hakuna aliyeinuka. Mzee Wanjala akayainua macho, akamwona binti yake ameshika kipampu mkononi, na alielewa. Akanyoosha kiganja kuelekea kwake, chini, polepole: kaa. Kisha akaonyesha Mukhwana. Mwache afike.

La saba. Midomo ya mzee ilikuwa inageuka rangi ya majivu. Pumzi mbili, labda tatu. Namalwa aliwahi kusimama mlangoni kwa muda huo huo, na alijua asingeweza tena.

La nane.

"Baba!"

Kiti kikaanguka. Akavuka.

Alipompachika kipampu mdomoni hakusikia kitu kingine duniani. Mzee alivuta, akavuta tena, rangi ikarudi. Namalwa alipogeuka, Mukhwana alikuwa ameshusha fimbo. Alivua ngozi ya mbega, akaikunja kwapani, akapita katikati ya watu wote walioinamisha vichwa, akatoka kwa lango.

Mzee Wanjala alipopata sauti hakumshukuru. "Wamebaki njiani," alisema. "Umewaacha njiani, na baba yangu nyuma yao. Namalwa, umemwacha baba yangu nje." Tangu siku hiyo hakumwita Mama. Alimwita Namalwa, kwa upole, kama anavyoitwa mgeni.

Majina manane ya mwanzo yalikuwa kwenye kinasa sauti. Manne ya mwisho kila mtu wa boma aliyajua. Kumi ya katikati yalikuwa kwa Mukhwana, na zilibaki siku nne.

Mfa maji haachi kutapatapa. Namalwa alimwendea kwake mara mbili akazuiwa langoni na mwanawe mchungaji. Tarehe kumi na saba alimfuata hospitalini Kakamega, akamkuta kitandani amevaa nguo za upasuaji za kijani, mdogo kuliko alivyomjua. Akapiga magoti kwenye sakafu ya wodi mbele ya wagonjwa na wauguzi.

"Majina kumi tu, mzee. Si kumuse. Majina tu, kama mtu anavyotaja majirani."

"Inuka."

"Siinuki. Kama kifo kinataka mtu, kinichukue mimi."

"Wewe hutaki kufa, umechoka tu." Mukhwana alimshika mkono. "Sina hasira na wewe, sikiliza. Ningekuwa wewe ningesimama pia. Lakini babu yako nimeshamsemea, na maneno yake yamekatika. Nikiyaunganisha kitandani bila maiti, nitakuwa nimewacheza shere wote ishirini na wawili. Mimi nakwenda kulala kesho kwenye kisu cha watu. Siwezi kwenda nikiwa nimewaudhi."

Namalwa angefurahi kama angemtukana. Wema ule ulimmaliza. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za hospitali, akalia wazi wazi, na watu wakampa pole wakidhani amefiwa.

Kesho yake madaktari wakampasua Mukhwana.

Mzee Wanjala aliishi siku kumi na sita tangu siku ile ya moshi. Hiyo ndiyo faida Namalwa aliyoipata kwa kusimama, tusidanganyane. Siku kumi na sita za uji, za kukohoa, za kukaa barazani akitazama njia. Asubuhi ya mwisho alikunywa chai nusu kikombe, kipampu mapajani, akasema bila kugeuka:

"Mama."

Namalwa aliyekuwa anachambua maharagwe akaacha mikono hewani.

"Lile la nane lilikuwa nani?"

Akamtajia.

"Na la tisa?"

Mzee alingoja kidogo, akatikisa kichwa kama mtu anayesema si neno, akaegemea kiti. Kabla jua halijafika kichwani alikuwa amekwenda, na kipampu alikuwa amekivuta mara mbili bila kusaidika.

Walimzika kati ya mamake na ule mgomba. Siku ya tatu hakuna aliyetarajia kitu zaidi ya sala. Namalwa hakujishughulisha na betri. Mchungaji alikuwa amefungua Biblia pale boda boda iliposimama langoni, na Mzee Mukhwana akashuka, skafu shingoni, gunia la plastiki mkononi.

"Amekuja kutoa pole tu," Sellah alinong'ona.

Mukhwana akafungua gunia, akatoa ngozi ya mbega, akaivaa. Hakuna aliyeambiwa, lakini watu wakasogeza viti. Wanaume huku, wanawake kule. Mchungaji, mwanawe, alimtazama baba yake, akafunga kitabu, akakaa.

Fimbo ikagonga chini na mfariji akaanza kutembea.

Mdomo ulikuwa unasema. Ulikuwa unasema kila kitu, kwa mwendo ule ule, kwa mikono ile ile iliyoonyesha mlima na mto. Sauti haikuwapo. Kilichosikika ni hewa ikipita kwenye tundu chini ya skafu, na nyayo. Mtoto mchanga alilia akanyonyeshwa. Zaidi ya hapo hakuna aliyesogea, si wazee, si vijana wenye simu zao. Mkono wa Namalwa, kwa mazoea tu, ulikuwa umewasha kinasa sauti.

Kisha fimbo ikaanza kugonga moja moja. Namalwa akayataja moyoni manane anayoyajua, moja kwa kila pigo. Likaja la tisa. Akainama mbele, akayakazia macho midomo ile iliyokauka mpaka macho yakamwuma, asiambulie kitu. La kumi. La kumi na moja. Mukhwana alikuwa amepunguza mwendo, na kwa kila jina alimgeukia Namalwa, akalifinyanga kwa mdomo polepole, akigonga. Hakuna hata moja alilolipata. Yalipita mbele yake yote kumi, karibu kiasi cha kuyagusa, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ameshika kikapu kwa mikono miwili.

La kumi na tisa alilijua. La ishirini, la ishirini na moja. La ishirini na mbili lilikuwa la babu yake, na Mukhwana aligonga kwa nguvu akielekeza fimbo kwenye mgomba uliozikwa, kwamba huyu naye ameingia. Halafu akageukia udongo mpya, akagonga mara ya ishirini na tatu, na Namalwa akaona midomo ikisema Wanjala.

Hapo akalia kwa sauti, lakini hakusimama.